Kumpimia Nyenje Fremu

Alhamisi, 2 Oktoba

Daftari hili ni la vipimo vya wateja wangu. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu, za nyuma zilikuwa tupu. Leo nimeligeuza nikaanza kuandikia nyuma, kwa sababu nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu, na Mungu nimeshamwambia mara nyingi mpaka naona haya.

Fremu ya baiskeli ya Nyenje imepasuka.

Nyenje ni binti yetu wa pekee. Ana miaka ishirini na sita, kazi yake kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Tulimbandika jina hilo kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa hanyamazi hata akilala. Siku za kazi ni mtu kama watu. Jumamosi ikifika, pikapu ya chama chao inampandisha na baiskeli mpaka juu mlimani, halafu anashuka mbio, mawe, mizizi, makorongo, na anayetumia muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Kukaa kwenye kiti hakuna. Wanasimama juu ya pedeli wameinama kama paka aliyeona panya. Ameshaanguka vibaya mara tatu, na mara zote tatu alirushwa kwa mbele, akapita juu ya usukani.

Miaka mitatu sala yangu imekuwa moja: Bwana, ivunje hiyo baiskeli kabla haijamvunja mwanangu. Leo imevunjika, tena yeye hakupata hata mkwaruzo. Nilipiga magoti hapo hapo kati ya cherehani na meza ya kukatia, nikashukuru. Kisha nikatoka uani, nikamkuta amekaa chini ameipakata ile fremu, analia. Ufa wenyewe hauzidi urefu wa kidole, uko pale bomba la juu linapokutana na shingo.

"Mama, zimebaki wiki tisa," akaniambia.

Tarehe sita Desemba kuna mbio. Wanawake wanne wa kwanza watachukuliwa kwenye timu itakayokwenda kushindana nje ya nchi. Siku hiyo ameingoja tangu alipoanza.

Shukrani yangu nikaificha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kocha wao amekuja nyumbani. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, zamani alikuwa bingwa, ana chuma ndani ya bega la kushoto. Anatembea kama mtu anayekimbia mvua. Nilimpa maji, nikampangusia kiti, lakini moyoni sikumkaribisha. Kwangu huyu ndiye mwanamke anayekwenda kuangusha watoto wa wenzake.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akasema. "Chama kina fremu mpya za alumini, namba ya kati na namba kubwa. Kila mkimbiaji anapewa moja. Au achukue ya kwangu, ya kaboni, ile niliyoshindia. Ni namba ya kati, nimeitunza. Ila achague vizuri, maana tukishafunga vifaa ndiyo basi, hairudi. Katibu anataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao. Zitakazobaki zinakwenda chama kingine."

Nyenje alikuwa hasikii tena. Macho yamemtoka.

"Ile yako yenyewe, Kocha?"

"Sasa mimi nina ngapi?"

Alipoondoka, Nyenje alizunguka uani akinieleza kuwa ile fremu unainyanyua kwa kidole kimoja. Nikamwambia kidole chake kimoja ndicho alichonivunjia mwaka juzi. Akacheka peke yake.

Jumapili, 5 Oktoba

Ibadani nimeimba ubeti wa tatu wenzangu wakiwa kwenye wa pili. Mke wa mchungaji akanigeukia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nilikuwa nimemshonea Nyenje koti la mvua la kazini, nikalikata kwa macho, maana mtoto wako mwenyewe unampima wa nini? Leo kalivaa, likambana kwapani na mgongoni.

"Umenenepa," nikamwambia.

"Mama, mimi ni yule yule wa miaka minne iliyopita."

Nimelifumua kwapani, nimeongeza kipande.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mume wangu ni fundi wa mageti. Kibanda chake cha kuchomelea kimepakana na chumba changu cha cherehani, yeye akigonga nami sindano zinaruka. Leo ameichukua ile fremu mbovu, akaigeuza geuza.

"Hii nitaiunga," akasema.

"Baba, hiyo siyo chuma, ni alumini," Nyenje akamwambia.

"Mimi nimeziba masufuria ya hoteli nzima. Yale yalikuwa chuma?"

"Sufuria haliruki kutoka kwenye mwamba, baba."

"Nenda kasome mita zako."

Nilijua kwa nini anataka. Hana maneno mengi yule. Mtoto akilia, yeye anatafuta kitu cha kuchomelea.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Wateja wawili tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ameimaliza. Ameisugua, ameipaka rangi, ukitafuta ufa huuoni hata kwa miwani. Aliileta mezani baada ya chakula akaiweka mbele ya Nyenje, akajifanya anatafuta kijiti cha meno.

Nyenje alipitisha kidole pale shingoni. "Asante, baba," akasema.

Ile asante naijua. Ni ya mteja aliyeharibiwa gauni na fundi anayemheshimu.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempelekea fundi wa baiskeli suruali yake niliyoipunguza. Wanamwita Spoku, kwa wembamba. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: alumini ikichomelewa inakuwaje?

Akaacha spana. "Mama, Nyenje ameshaniletea, nimekataa kumfungia. Alumini ya fremu ikishapita motoni inalegea, lazima irudi kwenye tanuru maalumu, na hilo hapa hatuna. Baba yake ni fundi mzuri, namheshimu. Lakini mimi sitaki kuja kumpa mkono wa pole."

"Na Nyenje amesemaje?"

"Amesema atamfungia mwenyewe baba yake. Yaani, ataifunga mwenyewe kwa ajili ya baba yake. Mara moja tu, amuone ameipanda."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, nikayafungia moyoni. Miaka ishirini na tisa ya ndoa sijawahi kumsahihisha mume wangu katika kazi yake, wala yeye hajawahi kugusa mkasi wangu. Ndivyo tulivyoishi vizuri.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika haya mchana.

Mvua ilianza alfajiri. Pikapu ya chama ilikuwa ifike saa mbili. Nyenje alikuwa uani amevaa, baiskeli iko tayari juu ya ile fremu, inang'aa kama ya dukani. Baba yake amesimama mlangoni pa kibanda chake, mikono nyuma, anaitazama kazi yake. Sijamwona na uso ule tangu siku Nyenje alipohitimu.

Nikamvuta binti pembeni. "Usiipande."

"Mama, mara moja tu. Nitashuka polepole. Halafu nitachukua ya Kocha na baba hataumia."

"Polepole ya mlimani ndiyo ipi?"

"Mama, tafadhali. Muone alivyo."

Nilimwona. Nami nitasema ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: kwa dakika nzima nilinyamaza. Niliogopa uso wa mume wangu kuliko nilivyoogopa mlima. Kisha nikasikia pikapu inapiga honi kona ya juu.

"Baba Nyenje," nikaita. "Fundi Spoku ameikataa kazi yako."

Hakugeuka. "Ameikataa kwa lipi?"

"Anasema alumini hii ikishapita motoni inalegea. Nje inapendeza, ndani hatujui."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi fundi wa nguo. Nikisikia mshono unalia, simvalishi mtu."

Mvua ilikuwa inamlowesha, hakusogea. Nyenje akaanza, "Baba, mimi nilikuwa naipanda tu..." Akainua mkono anyamaze. Akaja, akafungua magurudumu mwenyewe, taratibu, akaiweka fremu begani akaingia nayo kibandani. Tukasikia grinda inaunguruma. Dereva wa pikapu akauliza kuna nini, tukamwambia atangulie.

Alirudi na kile kipande cha shingo kimekatwa katikati. Akatuonyesha. Kwa nje kazi yake ilikuwa safi. Kwa ndani ule ufa ulikuwepo vile vile, umeongezeka, na moto wake ulikuwa umekaa juu tu, kama kiraka kilichobandikwa kwa gundi.

"Ningemzika kwa mkono wangu," akasema, akakaa juu ya ndoo.

Nyenje akamkumbatia kichwa, matope na yote. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Nilikuwa nawaza kwamba yeye alikosea kwa moto, kwa kumpenda. Na mimi je, niliyekuwa natumia sala?

Jumapili, 26 Oktoba

Baba Nyenje hakwenda ibadani. Nimemwombea pembeni, kimoyomoyo.

Jumatano, 29 Oktoba

Anakula, anashukuru, anaondoka. Kibanda kimefungwa siku ya nne. Sindano zangu zimetulia na sipendi.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo nimefanya jambo nililokataa miaka mitatu. Nimemwomba Nyenje anionyeshe kwenye simu zile video za kuanguka kwake.

"Za nini, mama? Utalia."

"Nitalia. Lete."

Mara ya kwanza nilitazama kupitia vidoleni. Ya pili nikalia kama nilivyoahidi. Ya tatu nikapangusa miwani. Ya nne woga ukaniacha, jicho la kazi likaamka. Maana nikiwa na mteja mbele ya kioo sitazami uso, natazama nguo inavutika wapi.

Sehemu tatu tofauti, siku tatu tofauti, na mwili ni ule ule. Kabla hajarushwa, mgongo umejikunja, viwiko vimebana mbavuni, kichwa kimeshapita usukani. Hana pa kurudi nyuma, hana pa kwenda mbele. Nimewaona wengi hivyo katika chumba hiki.

"Huyu mtu," nikasema, "amevaa koti la mdogo wake."

"Nani?"

"Wewe. Ile fremu ilikuwa inakubana."

Nikachukua futi, nikamsimamisha. Nikaona haya mwenyewe: mara ya mwisho nilimpima alipokuwa na miaka kumi na saba. Kimo hakijabadilika sana. Mikono sasa! Mikono ni ya baba yake mtupu, na kiwiliwili kirefu, miguu ndiyo mifupi, hiyo yangu. Miaka yote nimekuwa nikimkatia nguo mtoto aliyekuwa kichwani mwangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumegombana. Nilimwambia asichukue ya Kocha, achukue ya alumini namba kubwa. Akanitolea karatasi ya Spoku yenye namba.

"Soma hapa. Kimo changu, namba ya kati. Ya zamani ilikuwa ya kati. Ya Kocha ya kati."

"Karatasi imepima kimo. Kimo ni cha mtu aliyesimama foleni. Wewe mlimani unapanga foleni?"

"Mama, unanipimia baiskeli kama gauni la harusi!"

"Gauni la harusi lina nafuu, likikosewa tunabana pini."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Tangu lini wewe ukataka niendeshe vizuri?" akasema. "Wewe unataka nisiendeshe kabisa. Kocha ananipa fremu yake, kitu ambacho hajampa mtu, na wewe unanipa dude zito la alumini."

Nikarudi kwenye cherehani. Nusu ya maneno yale yalikuwa kweli, na mtu akikupiga na nusu ya ukweli huna pa kumshika.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua mchana kutwa. Hatujasemezana, isipokuwa chumvi iko wapi.

Alhamisi, 6 Novemba

Sindano zimeruka! Nilikuwa napindia pazia, mara nikasikia nyundo. Nikatoka mbio nusura nijikwae.

Baba Nyenje alikuwa ametusikia siku ile, kumbe. Amechukua mabomba ya mageti akatengeneza kitu nilichokosa jina lake. Kina pedeli mbili chini, usukani juu, na bomba la katikati linavutika na kurudi, lina boliti ya kulikazia. Hakina magurudumu. Ameazima karatasi za fremu kwa Spoku, akachora alama kwa chaki yangu: hapa kati, hapa kubwa. Nyuma amekiinua kwa matofali ili kitazame chini, kama mtu yuko kwenye mteremko.

Kati ya alama na alama ni vidole viwili. Vidole viwili tu. Mtu asiye fundi atasema si kitu, lakini kwa vidole viwili mimi nimeshaona koti linakataa kufunga siku ya harusi.

"Huyu farasi haendi popote," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza ya maana tangu Jumamosi ile. "Mwiteni Kocha."

Jumamosi, 8 Novemba

Kocha alikuja baada ya mazoezi, matope hadi kwenye nyusi. Alipoelezwa, uso ulimbadilika.

"Mama, ile fremu imenishindia mimi mara nne."

"Sibishi, Kocha. Naomba tu upande juu ya huyu farasi."

Akapanda, alama ya kati. Nitasema haki: nilimtazama kwa raha. Mgongo umenyooka, viwiko viko nje, kidevu juu ya usukani, kila kitu mahali pake. Kama ningekuwa ndiye niliyemkata, ningejisifu.

Kisha Nyenje akapanda, alama ile ile, amenuna. Viwiko vikaingia mbavuni. Mgongo ukajikunja.

"Inama kama unashuka kwenye mawe," Kocha akamwambia.

Akainama, kichwa kikapita usukani. Baba Nyenje akalegeza boliti, akavuta bomba vidole viwili, akakaza.

Nyenje akainama tena. Nami niliuona mgongo wa binti yangu ukinyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Viwiko vikafunguka. Akasogea nyuma, akarudi mbele, akainama kushoto, kulia. Halafu akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe: akanyamaza.

"Rudisha," Kocha akasema. Baba akarudisha. Mgongo ukajikunja. "Vuta." Ukanyooka. Akazunguka yule farasi mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Miaka mitatu," akasema mwishowe, "namwambia huyu, kaa nyuma, kaa nyuma, mbona husikii. Kumbe hana pa kukaa." Akapangusa uso, matope yakazidi. "Nilikuwa namfundisha awe mimi."

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani anawe. Alipoinua mikono kujifuta nikaona bega lile la chuma halipandi, na blauzi imemvutika upande mmoja. Nikamuuliza nani alimuuguza alipovunjika.

"Nilikaa hospitali peke yangu, mama. Wa kwetu walisema nimejitakia."

Nami nilikuwa nimesema hayo hayo, tena bila kumjua. Nimemchukua vipimo. Nitamkatia koti, bega la kushoto nitalishusha ili lisimvute. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na yeye.

Jumatano, 12 Novemba

Nyenje alikuwa bado anaitamani ile ya kaboni, nilimwona akiitazama kwenye simu. Sikumsukuma. Jioni karudi amelowa. "Nimemwambia katibu," akasema. "Kubwa." Akaingia chumbani, kisha akatoa kichwa. "Lakini mama, ikinishinda nitakusema mpaka uzeeni."

Jumamosi, 15 Novemba

Spoku ameifunga. Ameinyanyua, akaishusha haraka. "Hii siyo baiskeli, ni kitanda," akasema. Uma wa mbele umelala zaidi, gurudumu limetangulia. Nyeusi, haina mbwembwe. Mume wangu amekagua kila kiungo, hakugusa.

Jumamosi, 22 Novemba

Kwenye mazoezi ametumia sekunde sita zaidi ya zamani. Anasema mahali palipo wazi inakwenda kama treni, ila kwenye kona fupi inakataa kugeuka. Alikula haraka, akaenda kulala. Nami nimekaa na cherehani bila kukanyaga. Baba Nyenje alikuwa na uhakika na moto wake. Mimi na futi yangu nimemzidi nini?

Jumatano, 26 Novemba

Mvua kubwa. Ukuta wa jirani umeanguka. Hakuna aliyeumia.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwenda mlimani, mara yangu ya kwanza siku isiyo ya mbio. Kocha alisimama kwenye kona na mwavuli uliovunjika, anapiga kelele. "Usiisukume! Ilaze! Mikono yote hiyo umepewa ya kufagilia?" Nyenje akaanguka mara mbili, lakini kwa ubavu, polepole, kwenye matope, akainuka anacheka. Hakurushwa mbele hata mara moja. Safari ya saba ikapita ile kona imelala kama jani. Sekunde mbili pungufu ya rekodi yake ya zamani.

Kocha alivaa koti langu. Limemkaa.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimepiga magoti, ile sala ya zamani imekataa kutoka. Mpya sikuwa nayo. Nimekaa tu na Mungu kimya, tumenyamaziana vizuri.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua ilikatika saa tatu asubuhi, njia imebaki utelezi mtupu.

Watu wote walikwenda kusimama chini, penye mwisho. Mimi nilimwomba Baba Nyenje anishike mkono tupande hadi kwenye mawe matatu. Hapo ndipo alipoangukia mara ya mwisho. Njia inatoka msituni ghafla, inadondoka kwenye mwamba kama ngazi, halafu korongo. Mbio zote zilizopita nilisali nimefumba macho, nikifumbua mambo yameshakwisha. Leo nilijiambia, kama nina ujasiri wa kumchagulia mtoto fremu, niwe na ujasiri wa kuiona ikifanya kazi.

Wanashuka mmoja mmoja. Wa tatu alianguka mbele yetu, akainuka. Wa sita akaanguka, wakamtoa kwa machela, anaongea, Mungu asifiwe. Mume wangu mkono wake ulikuwa umelowa, na mvua hakuna.

Kisha nikasikia mnyororo unagonga, nikamjua kabla sijamwona. Akatoka msituni. Jiwe la kwanza. La pili. Kwenye la tatu gurudumu la mbele likazama korongoni, la nyuma likanyanyuka juu, juu kabisa, na nikaona ile picha ya kwenye simu inaanza tena, kichwa kinakwenda mbele. Nilifungua kinywa kumwita.

Akarudi nyuma. Alikuwa na pa kurudi. Viwiko vikafunguka, mikono ile mirefu ikanyooka yote, makalio yakaenda karibu na tairi, na baiskeli ikatulia chini yake kama mnyama aliyeshikwa masikio. Likatua la nyuma. Akapita. Matope yake yakanipiga usoni, kinywa kilikuwa bado wazi.

"Umeona?" Baba Nyenje akaniuliza. "Umeona?"

"Nimeona."

"Vidole viwili," akasema, akageuka upande wa msitu akajipangusa kwa kofia.

Tuliposhuka chini tulimkuta Kocha anakimbia huku na huku na lile koti, anamwambia kila mtu, hata muuza maji. Wa nne. Amempita wa tano kwa nusu sekunde. Nyenje alikuwa amelala chali kwenye nyasi zilizolowa, baiskeli pembeni, anaongea, anaongea, hakuna wa kumnyamazisha.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada tulikaa uani, yeye anaosha baiskeli, mimi napindia jezi ya timu, imekuja ikiwa pana kiunoni. Nikaona nikikaa na lile neno litaniozea.

"Nyenje, nina kosa kwako. Miaka mitatu nilikuwa naomba ile baiskeli yako ivunjike. Ilipovunjika nilishukuru."

Hakuacha kusugua rimu. "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Kati ya chumba changu na chumba chako cha cherehani kuna mbao tu. Kila Ijumaa jioni wewe unaomba ivunjike, mimi upande wa pili nakaza boliti."

Sindano ikanichoma. "Na hukusema!"

"Niseme nini? Na mimi nilikuwa namwomba Mungu asikusikilize." Akacheka, akanirushia povu. Kisha akasema, taratibu kidogo, "Lakini nikiwa kule juu kabla ya kuachia breki, nilikuwa najua kuna mtu ananitaja. Usiache, mama. Badilisha maneno tu."

Nimeahidi. Maneno mapya nayatafuta, yatakuja.

Jioni hii nimeligeuza daftari, nimerudi kurasa za mbele walipo wateja. Chini ya mke wa mchungaji kulikuwa na nafasi. Nimeandika kwa wino:

*Nyenje. Mkono, bega hadi kifundo, sentimita sitini na mbili. Umepimwa akiwa ameinama, viwiko nje. Asikatiwe kwa macho.*